Nguzo ya Namba Sita na Saba

Jumamosi asubuhi soko la ndani la mji wa Bath halina adabu. Muuza jibini anampigia kelele muuza samaki, muuza samaki anamjibu, na wateja wanapenya katikati yao na vikapu vilivyolowa mvua ya Machi. Kwenye kona, nyuma ya meza ya vifungo, nyuzi na zipu, Avis Padfield alikuwa na hasira tangu kulipokucha. Mteja wa kwanza alirudisha zipu aliyoikata mwenyewe kwa mkasi. Wa pili alitaka auziwe kifungo kimoja kutoka kwenye kadi nzima, na alipokataliwa akamwita mchoyo.

Wa tatu alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la msiba. Koti lilimkaa vizuri, ila katikati ya kifua palikuwa na uzi unaoning'inia.

"Nataka kifungo, dada. Cheusi, kama hivi vingine."

Avis akainama, akatazama. "Hivyo ni vya kahawia, bwana."

Mwanamume akavitazama vifungo vyake kana kwamba vimemsaliti. "Nimevivaa tangu mwaka juzi."

"Na hakuna aliyekwambia. Basi huna mke."

"Sina. Aliyekuwa akiniambia mambo kama hayo ndiye tunayemzika leo mchana."

Avis akaacha kupekua droo. "Bi Enid? Wewe ndiye mpwa wake? Mimi mwenyewe nafunga meza saa sita niwahi mazishi hayohayo. Mimi ni jirani yake, wa namba sita."

"Namba sita!" Uso wa mwanamume ukafunguka kidogo. "Kumbe wewe ndiye unayekohoa ukutani!"

"Ni baba anayekohoa. Na wewe ndiye uliyefungulia redio wiki nzima kama unamfundisha kiziwi kuimba?"

"Nilikuwa peke yangu na nyumba ya marehemu. Kimya chake kilinishinda." Akanyoosha mkono. "Ivor Vowles."

Avis hakuupokea mkono. Mikono yake ilikuwa na sindano na uzi. "Simama vizuri, Ivor Vowles. Huwezi kumzika Bi Enid kifua wazi."

Akamshonea palepale, watu wakiwasukuma huku na huku. Ivor alinusa sabuni ya lavenda kwenye nywele zake za kahawia alizozifunga kwa kitambaa cha kijani. Avis alipoinama kukata uzi kwa meno, Ivor akaona doa jeusi kwenye bega la kulia la koti lake la rangi ya maziwa.

"Bega lako lina masizi."

"Bega langu halikuhusu," alisema Avis, lakini alisema akitabasamu.

*

Belcombe Parade ni safu ya nyumba kumi na mbili zilizoungana juu ya kilima, zikiutazama mto. Ukisimama ng'ambo ya barabara utadhani ni kasri moja la mfalme. Madirisha yamepangwa kama askari, nguzo zinapanda kutoka ngazini hadi chini ya paa, na katikati, juu kabisa, pembetatu kubwa ya mawe imekaa kama kofia. Yote hayo ni uongo mzuri. Mjenzi wa zamani, enzi za vita na Wafaransa, aliuza uso tu; nyuma yake kila mnunuzi alijijengea alivyopenda, huyu dari refu, yule jiko lililopinda, mwingine ngazi isiyofika popote. Kabla paa hazijaisha benki ya mji ilianguka na mjenzi akafilisika, na kwa miaka mingi kunguru ndio waliolala kwenye vyumba vya mabwana. Baadaye mabwana walikuja na wigi zao, wakaondoka. Wakaja wajane wenye vyumba vya kupangisha, kisha familia moja kila chumba. Mwaka 1942 bomu la Wajerumani likaondoka na tumbo la namba kumi na mbili, na baada ya vita likajengwa upya, uso uleule wa mawe, nyuma matofali.

Mjenzi aliacha kasoro moja ambayo wasomi wa majengo huicheka hadi leo. Nyumba kumi na mbili hazina nyumba ya katikati. Mahali ambapo kasri la kweli lingekuwa na mlango, hapa pana nguzo, na mpaka wa namba sita na namba saba unaipasua nguzo hiyo katikati, kutoka ardhini hadi ncha ya pembetatu. Nusu yake ni ya huyu, nusu ya yule. Milango ya nyumba hizo mbili imekaa bega kwa bega, na ngazi zake ni moja.

Na watu wa huko hawaufanyii mzaha mpaka huo. Mtu akipaka rangi uzio, brashi husimama palepale unapopita mpaka, hata kama ubao utabaki nusu buluu nusu kijivu kwa maisha yake yote. Huo kwao ni uungwana.

Ivor alihamia namba saba majira yaleyale ya kuchipua. Alikuwa mchoraji wa mashine katika kiwanda cha winchi huko bondeni, mtu wa rula na penseli kali. Jioni aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, na Avis akamjibu kwa mpini wa ufagio. Baada ya hapo walikutana ngazini, na karatasi ya samaki na chipsi ikawekwa katikati yao, siki ikinukia hadi barabarani.

"Unakula kama unashindana," Avis alimwambia.

"Nakula kabla hujamaliza zako ukaja kwenye zangu. Nimeshakujua."

"Ndiyo mapenzi hayo, mwenzangu. Chako changu, changu changu."

Ivor akacheka, kisha akauliza jambo lililomkaa moyoni. "Kila asubuhi nakuona dirishani. Unatoka, unazunguka nguzo, unaegemea upande wangu, unasimama kidogo, ndipo unashuka kwenda sokoni. Unanisubiri mimi?"

Avis akatazama mto. "Majivuno yako yanahitaji nyumba yao peke yao."

"Basi unafanya nini?"

"Napumua," akasema, akachukua chipsi ya mwisho. Hakusema zaidi, na Ivor, kwa kuwa naye alilelewa katika uungwana uleule wa mipaka, hakuuliza zaidi.

Kama angeuliza, na kama Avis angejibu, angesikia hivi. Upande ule wa nguzo haupigwi na mvua, kwa hiyo masizi ya makaa ya mawe ya miaka mia na ushee yaliushika kama rangi. Bwana Percy Padfield, baba yake Avis, alikuwa akiwasimamisha watoto wake hapo kila siku ya kuzaliwa na kukwaruza mstari kwa msumari juu ya vichwa vyao, na mstari ulionekana mwembamba wa rangi ya asali kwenye weusi. Bi Enid alikuwa akitoka na maandazi ya sukari. Mistari ya Ronnie, kaka mkubwa, iliishia miaka tisa. Kiangazi cha mwaka 1950 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na hakurudi kutoka hospitali. Mistari ya Avis iliendelea kupanda hadi siku alipoufikia ule wa mwisho wa kaka yake. Siku hiyo alikataa kupimwa, akalia, akakimbilia ndani, na msumari haukutoka tena kwenye droo.

Tangu hapo jina la Ronnie halikutajwa namba sita. Mama alikwenda kaburini bila kulitaja. Ila kila jioni mzee Percy alitoka kuangalia hali ya hewa, kiganja kwenye nguzo. Na kila asubuhi Avis alikwenda kuegemea. Mstari wa mwisho sasa ulimfika begani.

*

Bi Lavinia Strode wa namba moja, mjane wa kanali na mwenyekiti wa chama cha wakazi, alikuwa na ndoto moja: Belcombe Parade kuwa ya rangi ya asali tena, kama ilivyotoka mikononi mwa mjenzi. Halmashauri ilitoa msaada, mafundi wakaja na mabomba yao, wakainyeshea nyumba baada ya nyumba hadi masizi yakalainika, kisha wakasugua. Kufikia mwezi Juni nyumba kumi ziling'aa. Zilibaki mbili za katikati.

"Meno mawili mabovu katikati ya kicheko," alisema Bi Strode, amesimama ngazini na mwavuli. "Binti Padfield, hupendi nyumba yako ipendeze?"

"Nyumba yangu inanipendeza hivyo ilivyo."

"Lakini ni uchafu, mwanangu!"

"Ni moshi wetu wenyewe, Bi Strode. Bibi yangu alipika kwa moshi huo."

Mwezi huohuo kifua cha mzee Percy kikabana, na daktari akaagiza hewa ya bahari. Avis akampeleka Weston. Kila siku kabla ya chakula cha jioni alimpigia Ivor simu kutoka ukumbi wa nyumba ya wageni, mwenye nyumba akiwa amesimama karibu akijifanya anapangusa vumbi.

"Umekula, kipenzi?" Ivor alimwuliza.

"Nimekula samaki mwenye mifupa mingi kuliko mwenye nyumba."

Kitambaa cha vumbi kikasita. Ivor akacheka hadi simu ikakwaruza. "Baba?"

"Ananuna. Anasema bahari imekwenda mbali, imebaki tope. Anataka nyumbani."

"Sikiliza, Avis. Mafundi wanaondoka wiki ijayo. Nataka namba saba isafishwe. Nyumba ya shangazi inanuka kaburi. Nataka mtu akiitazama aone kuna mtu anaanza maisha. Watu wawili, labda. Utakasirika?"

Avis alisikia neno lile la watu wawili, na moyo wake ukashughulika nalo peke yake. "Nyumba yako ni yako. Yetu tu, wasiiguse. Hata tone lisivuke."

"Hata tone. Nakuapia."

"Niapie tena."

"Hata tone, malkia wa vifungo."

Avis aliweka simu akiwa anacheka. Kwake yeye nguzo ilikuwa nguzo ya nyumbani, kama vile mlango ni wa nyumbani na kikohozi cha baba ni cha nyumbani. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri upande upi wa mpaka Ronnie alikuwa amesimama.

*

Teksi ilipanda kilima alasiri yenye jua. Avis alikuwa amevaa gauni la maua madogo ya manjano alilolishona kwa ajili ya siku hii, koti la rangi ya maziwa mkononi. Kwanza aliiona namba saba, nzuri, inang'aa kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Kisha akaiona nguzo.

Ilikuwa imepasuliwa rangi. Kushoto nyeusi, kulia ya asali, na kati yake mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa wembe, kutoka ngazini hadi juu.

Ivor alikuwa amesimama mlangoni kwake, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji, timazi, ule uzi wa fundi wenye kipande cha risasi, ikining'inia mkononi. "Hata tone, Avis!" alipaza sauti. "Nilichukua likizo kazini. Nilikaa nao na timazi mwanzo hadi mwisho, wakafunika upande wenu kwa plastiki, na palipobaki na wasiwasi wakasugua kwa mkono na jiwe. Tazama ulivyonyooka!"

Mzee Percy alipanda ngazi polepole. Akazunguka nguzo. Akaweka kiganja chake kwenye jiwe jipya, akakipandisha, akakishusha, akakipandisha tena, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha giza. Halafu akafungua mlango wa namba sita akaingia ndani bila kuvua kofia. Avis hakuwahi kumwona baba yake akiingia ndani na kofia kichwani.

"Hapa palikuwa na mistari," Avis alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mikwaruzo? Ndiyo, niliiona. Nilidhani ni ya baiskeli. Ilikuwa mirefu kidogo, wakaisugua ikaisha ka—"

Kofi lilimfika kabla hajamaliza neno. Timazi ikaanguka, ikagonga ngazi.

"Umemfuta!"

"Nimemfuta nani?"

"Umekaa hapa, na uzi wako, na risasi yako, na akili yako ya rula, umemfuta!"

"Avis, ni upande wangu! Upande wako sikuugusa!"

"Upande wako!" Avis alicheka kicheko kibaya. "Haya. Kaa nao. Ulale nao, ukupikie, ukuzalie watoto."

"Nimekosa nini? Niambie!" Sasa Ivor naye alipandisha sauti, shavu limewaka. "Uliniapisha mara mbili, nimetimiza mara mbili! Kama kulikuwa na kitu hapo ulikuwa na mdomo! Kila asubuhi umesimama hapo, nimekuuliza, ukaniambia unapumua!"

Kwa sababu hilo lilikuwa kweli, lilimchoma kuliko yote. Akaingia, akaubamiza mlango hadi kioo cha juu yake kikalia.

*

Ukuta wa pamoja ulikaa kimya. Ivor aligonga, ufagio haukujibu. Alipiga simu.

"Avis, usikate—"

Akakata. Ivor akaisikia simu ikiwekwa mara mbili, sikioni na ukutani. Akapiga tena.

"Niambie kosa langu tu. Nitakaa kimya baada ya hapo."

"Mtu mwenye timazi atakosaje?" akasema Avis, akakata.

Sokoni alikuwa mkali hata muuza samaki akapunguza kelele. Koti la rangi ya maziwa alilitundika nyuma ya mlango, doa lake begani, akawa anatembea bila koti hata mvua ikinyesha. Mzee Percy hakutoka tena jioni kuangalia hali ya hewa. Alikaa kitini, akakunja magazeti yaliyokwisha kukunjwa. Hilo ndilo lililomkasirisha Avis kupita kiasi: kwamba baba hakukasirika.

Kisha Bi Strode akaita mkutano wa wakazi sebuleni kwake. Vikombe vyembamba, keki nyembamba zaidi, picha ya kanali juu ya meko. Watu walikaa wakitazama viatu vyao. Ivor alikuwa kwenye kiti cha pembeni, macho mekundu.

"Nguzo yetu ya katikati," alianza Bi Strode, "sasa inafanana na mcheza sarakasi. Wapita njia wanapiga picha. Namshukuru kijana Vowles, kwa uungwana wake ametuvusha nusu ya njia wakati majirani wengine wakiwa mapumzikoni. Imebaki nusu moja. Binti Padfield, mafundi bado wapo mjini. Sema ndiyo, tumalize."

Avis aliyasikia maneno mawili tu: wakiwa mapumzikoni. Akasimama. "Kumbe ilipangwa."

"Haikupangwa," Ivor akasema.

"Ulinitoa njiani! Kipenzi, umekula, malkia wa vifungo! Ulinichumbia kwa ajili ya nguzo!"

"Avis!"

"Binti Padfield, ni jiwe tu—"

"Ni kaka yangu!"

Kijiko kikaanguka mahali fulani. Avis alishika kiti kilichokuwa mbele yake. Maneno yalikwisha kutoka, na yaliyofuata yakasukumana kama watu wa soko.

"Ronnie. Anaitwa Ronnie. Wengine wenu mlimjua, mlimpa peremende, mkaja na mikate siku ya mazishi, na toka siku ile hakuna aliyetamka jina lake mbele yangu. Hata mimi. Baba alimpima kwenye nguzo ile. Hiyo mistari ndiyo iliyokuwa imebaki. Mnataka rangi ya mjenzi? Mjenzi alikimbia madeni! Hakulala hata usiku mmoja katika nyumba zile! Sisi ndio tuliolala humo. Sisi ndio tuliofia humo. Yale masizi ni sisi!"

Akatoka. Hakuna aliyegusa keki. Bi Strode alikaa polepole chini ya picha ya kanali. Ivor alikuwa ameufunika uso wake kwa mikono yote miwili.

*

Asubuhi ya Jumapili, kengele za kanisa zikiwa bado zinalia, ukuta uligongwa. Si kwa kifundo cha kidole. Uligongwa kwa mgongo wa nyundo, kwa upole, kisha ukagongwa mlango.

Avis alifungua, amevaa sweta la nyumbani, nywele hazijafungwa. Ivor alikuwa amesimama kwenye ngazi, ameshika msumari mrefu wenye kutu.

"Sikujua," alisema. "Hilo si utetezi. Nakwambia tu kilichotokea. Na wewe hukuniambia, na hilo nalo si shitaka. Nimekuja na msumari. Upande wangu ni wangu, sivyo? Basi naruhusu."

"Mistari haipo, Ivor. Utachora nini? Utabuni?"

Kabla hajajibu, mzee Percy alitokea nyuma ya binti yake, suruali ya Jumapili, mikanda begani. Alikuwa amesikia. "Mimi najua," akasema. "Alinifika kwenye kifungo cha pili cha shati. Mwaka ule wa mwisho. Alikuwa akinigonga hapa kwa paji la uso, makusudi."

Akasogea hadi kwenye nguzo, akasimama kando ya jiwe lililosafishwa, akaweka kidole kwenye kifungo cha pili, akakisogeza hadi kwenye jiwe. Wote watatu wakatazama. Kidole kilikuwa chini mno. Avis alijua, kila asubuhi ya maisha yake alijua, kwamba ni chini mno.

Mzee naye akaona. Mkono wake ukaanguka. "Nimepungua," akasema. "Nimepungua, na Ronnie kapungua pamoja nami."

Hapo ndipo alipolia, mzee yule, amesimama wima, bila kufuta machozi, kengele zikilia bondeni. Avis alimkumbatia, na juu ya bega la baba yake alimtazama Ivor kwa hasira yote iliyobaki. Lakini Ivor hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akitazama ndani ya mlango uliokuwa wazi, nyuma yake, pale koti la rangi ya maziwa lilipotundikwa.

"Avis," alisema taratibu. "Vaa koti lako."

"Nini?"

"Koti. Doa la begani. Siku ile sokoni uliniambia halinihusu. Vaa, usimame kama unavyosimama kila asubuhi."

Avis alielewa, na mikono yake ikamkataa. Baba ndiye aliyemvisha, kama alivyokuwa akimvisha alipokuwa mdogo. Akazunguka nguzo. Akasimama upande wa namba saba, akafumba macho, akaegemea. Mwili ulikumbuka wenyewe. Alipojiondoa, doa jeusi dogo lilikuwa limebaki juu ya jiwe la asali.

"Hapo," alisema mzee Percy. "Hapo ndipo alipokuwa."

Ivor akaweka ncha ya msumari kwenye doa, akakwaruza. Jiwe la Bath ni laini. Vumbi lilidondoka kwenye viatu vyake. Hakutumia rula. Mstari ulipinda kidogo mwishoni, na hakuurekebisha.

Dirisha la namba moja likafunguliwa kwa kishindo. "Vowles! Unafanya nini? Jengo hilo linalindwa na sheria!"

"Basi ite sheria, Bi Strode!" Avis akamjibu kwa sauti iliyofika bondeni. "Mwambie aje na chai!"

Dirisha lilikaa wazi kwa muda. Kisha likafungwa, polepole, na sheria haikuitwa.

Mzee Percy akanyoosha mkono, akauchukua msumari. "Sasa wewe."

"Baba, mimi ni mtu mzima."

"Unanidai mstari tangu siku ile uliyokimbia. Simama, mwanangu. Yeye hatakasirika ukimpita."

Avis alisimama. Mgongo kwenye jiwe, visigino vimegusana, kidevu juu, kama alivyofundishwa. Alihisi msumari ukipita juu ya nywele zake. Machozi yalimtoka hadi kwenye kola, na hakukimbia.

Ivor alikaa kwenye ngazi, mikono imejaa vumbi. Avis akaja akakaa karibu naye, si karibu sana.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua. Nitangoja iishe."

"Usingoje. Haitaisha yote. Nioe nikiwa nayo, ndipo utakuwa umenioa mimi."

Ivor alimtazama, shavu lake bado na alama ya manjano ya lile kofi. "Hilo ni posa au tishio?"

"Yote mawili. Na vile vifungo vya kahawia ukivivaa siku ya harusi, narudi Weston kwa yule samaki mwenye mifupa."

Walioana mwezi Oktoba. Walitoboa mlango kwenye ukuta wa pamoja, ili mzee apate kwenda na kurudi bila kutoka kwenye baridi, na alikwenda na kurudi hadi majira ya baridi ya pili, yalipomchukua. Nusu ya nguzo ya namba sita haikusafishwa kamwe.

Sasa Avis na Ivor nao hawapo. Kwenye upande wa asali, juu ya ule wa Ronnie na chini ya ule wa Avis, pameongezeka mistari mingine ya watoto, wengine walipimwa na mama yao, wengine na baba, mmoja akiwa amejinyoosha kwa vidole vya miguu akiwadanganya. Wapita njia wakiiona hudhani ni mikwaruzo ya baiskeli.